Upande Wako wa Endara

Jumapili, tarehe kumi na mbili Oktoba. Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Kasese.

Mpendwa kaka Baluku,

Nakuandikia kutoka Juba, nimekaa juu ya mifuko ya saruji, vidole vimepasuka hata kalamu inauma. Najua hutasoma. Umelala kwenye kahawa yetu kule Kyarumba tangu mwezi wa saba, na mimi sikukutupia hata konzi moja ya udongo. Habari kwamba uliteleza na gunia kichwani kwenye ile njia ya mtelemko, mvua ikinyesha, ilinifikia siku tatu baada ya mazishi. Huku tunakochimba misingi simu haishiki.

Lakini kuna neno sikukuambia ulipokuwa hai, na limenichosha kuliko zege.

Unakumbuka usiku ule? Ulikuwa umeshusha kahawa mjini, gari la kurudi mlimani likakuacha. Ukanikuta natoka kazini na vumbi hadi kwenye nyusi. Ukasema, "Leo nionyeshe huo muziki wa Kasese unaosifia kila siku." Nikaoga, nikavaa shati jeupe. Wewe ulibaki na gambuti zako, umezisugua kwa majani.

Kwenye baa ya kwanza vijana wawili walikuwa wanachezesha midomo juu ya nyimbo za watu. Ukawatazama kwa muda mrefu. "Bwambale, huyu anaimba ama anatafuna?" Nilicheka mpaka soda ikanitoka puani. Kwenye klabu, mlinzi aliangalia miguu yako akasema, "Mzee, hapa si shamba." Ukamjibu, "Hata shamba haiko na kelele hivi," naye akacheka, akatupisha. Ndani, kwenye zile taa za buluu, ulitaka kujua nani anapiga. Nikakuonyesha DJ. "Ule? Ule anabonyeza tu kama mutu wa duka!" Lakini gambuti zilikuwa tayari zinacheza.

Kisha tukafika kwenye ule ukumbi wa bendi. Magitaa matatu, ngoma, na pembeni, juu ya vigogo viwili vya mgomba, mbao za endara, marimba yetu ya mlimani, zimepangwa kama nyumbani. Ukaniacha mlangoni, ukasogea hadi mbele kabisa.

Hapo ndipo nilipomwona Kavira. Hukuwahi kumjua, kaka. Ni binti wa Butembo, alikuwa anauza vitenge Bwera, na kila Jumamosi nilitafuta sababu ya kwenda huko. Nilikuwa nimemwambia kwamba kaka yangu ana ofisi Kampala. Sijui kwa nini. Mtu akibeba mchanga kutwa, anatamani awe na kitu kimoja kisicho na vumbi. Nikaketi mezani kwake, na sikusema nimekuja na nani.

Mwimbaji akatangaza kwamba wapigaji wao wa endara wamekwama Mahango kwa sababu ya mvua. "Nani hapa anaijua?" Ukanyanyua mikono yote miwili. Ukaketi upande wako, ukashika vijiti, ukageuka kutafuta uso wangu kwenye watu wale wote.

"Ndugu yangu iko pale! Ule wa shati nyeupe! Bwambale, kuja, upande yako iko wazi!"

Wewe na mimi tunajua, na Baba alitufundisha kwa kutupiga vidole: endara haina mtu mmoja. Wewe unaanza, mimi naingia kwenye mapengo yako. Bila mimi ni nusu ya wimbo.

Kavira akaniuliza, "Ule mutu wa gambuti anakuita. Iko wa kwenu?"

Nikasema, "Hapana. Simujui ule."

Ulisubiri. Halafu ukapiga peke yako. Ukiyafikia mapengo yangu, uliinua vijiti na kuyaacha yapite, kama mtu anayempisha mwingine kwenye njia nyembamba. Wale wasiojua walipiga makofi. Wenzetu wa mlimani walikuwa wanainamisha vichwa.

Uliposhuka ulipita mezani kwetu. Nilidhani utanitukana, na ningeshukuru. Ukainama kidogo, ukasema, "Habari ya jioni, bwana. Madamu. Naomba kupita."

Bwana. Ulikuwa umesikia, au uliona midomo yangu, na ukaamua kunisaidia kudanganya.

Kavira hakudanganyika. Tuna paji moja la uso, wewe na mimi. Alikutazama ukitoka, akanitazama mimi, akachukua mkoba wake. "Kama unakana ndugu yako, mimi utanikana siku gani?" Sijamwona tena, na simlaumu.

Nilikukuta nje umekaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Ukaniwahi: "Ulikuwa umechoka. Kazi yako ni nzito." Ukalifunga hivyo, kama unavyofunga gunia. Wiki tatu baadaye ulinisindikiza kwenye basi la kuja huku, umenibebea begi, ukanipa mahindi mawili ya kuchoma. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikala mahindi.

Sasa jioni, wenzangu wakifungulia simu zao muziki, mimi nasikia wako tu, ule wenye mapengo. Huwa napiga sehemu yangu kwa vidole kwenye beseni la zege. Inaingia vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniumiza.

Juzi nilipanda kilima nikampata Baba kwa simu. Wataondoa matanga kahawa ikishaanikwa, na anataka endara ipigwe uani. Akasema, "Tafuta mutu wa kukaa upande ya Baluku." Nikamjibu sitatafuta. Akauliza kwa nini, na nikamweleza yote, kuanzia shati hadi mahindi. Halafu akasema, "Basi kuja upige na wao wasikie."

Nitaketi upande wangu, kaka. Nitapiga yangu tu, na nikifika kwenye yako nitainua vijiti. Watu wa Kyarumba hawahitaji kuelezwa maana yake, lakini nitawaeleza, kwa jina lako na langu.

Basi linatoka hapa Jumatano ya tarehe ishirini na tisa. Jumamosi asubuhi nitakuwa napanda ile njia kwa miguu, na shati jeupe nitaliacha huku.

Mdogo wako, yule uliyemwita bwana,
Bwambale