Mulima niliomuchagulia Kambale

Siku ya Mungu, kisha misa

Eti nimuchagulie mulima! Kambale, mudogo wangu, yuko Amerika, amepata konji ya wiki moja kazini, na shida yake kubwa ni kujua aende kuteleza kwenye theluji ya Utah ao ya Kanada. Ameniandikia mimi mukubwa wake: "Yaya, wewe unajua mitelemuko kutupita sisi wote."

Najua, ndiyo. Miaka sita nilishusha viazi kwa tshukudu, ile trotineti yetu ya mbao ya kubebea mizigo, toka Munigi kule juu mpaka Birere mujini. Asubuhi moja Kambale alikata kile kipande cha mupira tunachokanyaga juu ya gurudumu la nyuma ili isimame, akajitengenezea sandali. Hakuniambia. Nilijua nikiwa katikati ya mutelemuko, na mifuko miwili ya viazi mbele yangu.

Muguu wangu ningali nauburuta. Hata leo hakuuliza habari yake.

Nikatazama picha alizotuma. Ule wa Utah unaanguka kama ukuta, na theluji yake ni laini kama unga wa muhogo, inafika kiunoni. Ule wa Kanada ni mupole, unafaa mutu anayejifunza. Kambale amejifunza siku tatu.

Nikamujibu: "Utah. Kanada ni ya watoto."

"Na nikishika mbio sana, nitaweza kusimama?"

"Utaweza."

Mama akapita, akauliza ninacheka nini. Nikasema Kambale anatusalimia, anaenda safari. Alifurahi, akataka tumuombee.

Tukapiga magoti. Mimi ndiye niliongoza sala.