Kiungo alichokikata profesa

Mwenzangu, nimetoka hospitali sasa hivi. Daktari kasema mguu wa mjomba umeoza, lazima ukatwe.

Ukatwe! Mjomba huyuhuyu, profesa wa siasa, aliyewaimbia wanafunzi miaka nenda rudi kwamba nchi ni mwili, na kiungo kikioza hukatwa ili mwili upone!

Si ndiyo maneno aliyosema alipotia saini ili mwanawe wa kumzaa afukuzwe chuo kwa kuongoza mgomo? Mwaka wa sita huu hawasemezani.

Jamani, mjomba akauliza kama mtoto, "Ukishakatwa, utaacha kuuma?"

Daktari akamjibu, "Si lazima, mzee. Wengi huumwa na mguu ambao haupo tena."

Mjomba akajifunika shuka usoni.

"Najua, daktari. Nina kiungo nilichokikata mwenyewe. Mwaka wa sita huu kinaniuma."