Kandambili ya Injini Yako

Rajabu, rafiki yangu,

Leo nimekukasirikia, na huwezi kunijibu. Baada ya kubishana nawe miaka yote hapa uani kwako Msimbazi, neno la mwisho limekuwa langu. Silitaki.

Injini yako ya mashua bado imefungwa kwenye pipa la maji, palepale ulipoiacha. Wiki iliyopita ndugu yako Seif alikuja akasema huo ni mzoga. Asipousikia ukinguruma Ijumaa, anaupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mtaa wa Gerezani. Nikamwambia hakuna mtu mjini humu anayeijua injini hiyo kama mimi. Niliamini hivyo, wallahi. Jumamosi ngapi nimekushikia bisibisi huku nikikusomea makala zangu za kuwachapa mabwana wakubwa wanaohubiri ujamaa na kula kibepari, nawe unanijibu, "Hebu shika hapa"?

Basi leo Ijumaa nimefika kabla ya Seif. Choki, kile kizibo cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha, ilishavunjika zamani na spea hakuna, kwa hiyo nimefanya kama ulivyokuwa ukifanya: nimeziba mdomo wa kabureta kwa kile kipande cha kandambili, nikavuta kamba. Ikakohoa, ikanyamaza. Nikakandamiza zaidi. Nikavuta hadi bega likalia. Petroli, ile tunayoipangia foleni, ikaanza kutiririka chini.

Seif akaingia, akasimama akitabasamu. Unalijua tabasamu lake.

Ndipo mkeo Mwanaidi, ambaye bado yumo edani, akapaza sauti nyuma ya pazia: "Shemeji, unaikaba! Hiyo si ya kubishana nayo gazetini. Ikikohoa tu, unatoa kandambili. Sasa ishalewa petroli. Fungua plagi uifute, halafu vuta bila kuziba!"

Nikafuta. Nikavuta. Ikawaka, moshi ukajaa ua mzima, Seif akaondoka bila kuaga. Injini inabaki.

Lakini Rajabu, Mwanaidi kajuaje? Nimemuuliza. Kasema ulikuwa ukimfundisha jioni, mimi nikishaondoka. Jioni! Mimi ulinipa bisibisi nishike. Yeye ulimfundisha kusikiliza. Hata pazia halikumzuia kujua inaumwa nini, na mimi nilikuwa nimeiinamia.

Nimeona wivu. Wivu kwa mjane, juu ya mume wake mwenyewe! Ningemsoma mtu kaandika hivi, ningemshambulia kurasa mbili. Nimekaa kando ya pipa, injini inanguruma, nikalia kwa hasira, kisha… si kwa hasira tena.

Lala salama, ndugu yangu. Nitaiwasha kila Jumamosi, na kandambili nitaitoa kwa kikohozi cha kwanza, kabla shemeji hajafungua mdomo. Ila nawe niahidi: huko uliko, ukikuta injini yoyote, usimfundishe mtu mpaka nije.

Wako mbishi,
Hamisi