Siku Mbili za Zuhura

Morogoro, Jumanne, mwezi mosi Mfunguo Tatu

Bado naona aibu. Ruhusa aliyopewa mdogo wangu Zuhura alipoingia kutoka Unguja inasema akae mwezi mmoja, nami nikauhesabu kwa mwandamo, kama tunavyohesabu kila jambo. Jana nikamtoa mlimani kwa mama yetu mgonjwa. Waliagana wakilia.

Asubuhi tulipopeleka cheti chake cha ruhusa bomani, karani alicheka. "Mzee, Wadachi hawaangalii mwandamo; mwezi wao huu una siku thelathini na moja. Bibie bado ana siku mbili."

Zuhura akanigeukia. "Kaka! Serikali haijanifukuza, wewe umeshanifukuza!"

Tulipofika nyumbani hakungoja hata chai. Alijifunga kanga kiunoni akaanza kupanda tena Uluguru. Nikamwambia keshokutwa awahi gari la moshi, la sivyo watamfunga, nami mwenyeji wake pamoja naye. Akajibu, "Inshallah," bila kugeuka.

Jioni nilipofungua msahafu nimekikuta cheti chake kimekunjwa ndani. Nimejaribu kujiambia kwamba amekisahau. Lakini mtu hasahau kitu ndani ya msahafu; labda hana nia ya kushuka...

Ya Rabi, mimi naogopa boma, na mama anamtaka mwanawe. Sijui nikuombe lipi. Nijibu kabla ya keshokutwa.