Masanduku Manane ya Karolina

Jumapili, 4 Mei 2025

Wiki ya kazi huku Uarabuni imeanza leo, na Ustadh Wael, mwalimu wa historia, amenipa mimi karani maelezo ya Siku ya Wazazi niyachape. Darasa la kumi na moja wataigiza uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1884, jimbo moja tu: Karolina Kusini. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nimeshinda nayo, na nimerudi nyumbani Darsait na hasira nisizojua nizitue wapi.

Wazungu wenye madaraka jimboni walitunga sheria. Masanduku manane kituoni, kila cheo na sanduku lake. Karatasi ya rais ikitumbukizwa kwenye sanduku la gavana, imekufa, haihesabiwi. Majina yameandikwa juu ya masanduku, na wapiga kura wengi ni watu weusi waliotoka utumwani, ambako kufundishwa kusoma kulikuwa kosa. Aliyeweza kusoma akiwahi kuwaambia wenzake sanduku la rais ni lile la mwisho kushoto — wanafika, masanduku yameshahamishwa!

Na hakuna aliyewafungia mlango. Hilo ndilo linaloniudhi. Waliachwa wavae nguo zao nzuri, wapange foleni, watumbukize, warudi nyumbani wakijua wamepiga kura.

Mwaka 1876 chama kilichoungwa mkono na watu weusi kilipata kura zaidi ya tisini elfu jimboni humo. Mwaka 1884, ishirini na moja elfu na kitu. Masanduku, na bunduki, na hila nyingine. Ustadh Wael amezipigia mstari namba hizo. Anasema wazazi watazipenda.

Jumatatu, 5 Mei

Mazoezi yamekwenda vibaya. Wanafunzi hawa wanakijua Kiingereza kuliko mimi, kila mmoja kaenda moja kwa moja kwenye sanduku lake. Ustadh Wael kanuna. Amesema hila haionekani kama hakuna wa kuhadaika.

Baadaye akaja na kikombe chake cha chai kwenye meza yangu, akachungulia dirishani. Chini ya ngazi, ubavuni mwa mashine za viyoyozi zinazotema moto, wamekaa akinamama wa mabasi, wale wanaowapandisha na kuwashusha watoto. Shangazi Khole yumo. Ustadh Wael hajui kama ni shangazi yangu, dada wa baba, na tunaishi nyumba moja. Hapa sijamwambia mtu. Nimo kwenye miezi ya majaribio mpaka Juni, na nikiona jina langu kwenye barua yoyote ya ofisi nadhani nimefukuzwa.

Amesema niwaalike mimi, nasema nao Kiswahili, wananiamini. Nisiwaambie kuwa ni mchezo, maana wakijua wataigiza. Niwaambie skuli inataka kura yao juu ya jambo fulani. Jambo gani litawagusa?

Nikamjibu. Kwa adabu, kama nimeulizwa saa! Chumba cha kupumzikia. Wamekiomba tangu mwaka jana. Wakishateremsha watoto wanakaa nje mpaka wakati wa kuwarudisha, na jua hili.

"Bora kabisa," amesema.

Ustadha Balqis, mkuu wa skuli, amekubali. Alichouliza ni kama watavaa nadhifu.

Jumanne, 6 Mei

Nimewaambia.

Bi Kheiria, ambaye hana siku asiyokuwa na la kusema, aliuliza skuli hii imeota masikio lini. Wakacheka. Shangazi hakucheka. Akaniuliza mbele yao, "Nadra, kweli?"

Nikasema kweli.

Jioni amepiga pasi abaya yake ya Idi. Anataka kujua kama chumba kitatosha kuweka jokofu dogo. Nimemwambia inshallah.

Jumatano, 7 Mei

Kesho mimi ndiye msimamizi wa kituo. Nitasimama nyuma ya masanduku manane, kila moja limeandikwa jambo moja la skuli: maktaba, bustani, mkahawa, na kadhalika. Moja ndilo la chumba. Yote kwa Kiingereza, herufi za mapambo kama za zamani. Kila mama akishatumbukiza kadi yake, niyahamishe. Halafu Ustadh Wael atayafungua mbele ya wazazi, aonyeshe kura ngapi zimekufa. Shangazi anazijua herufi hizo, alisoma kidogo Tabora alikozaliwa. Atazitamka moja moja. Maana hataijua.

Nimemwendea Ustadh Wael. Nikamwambia labda tungewaeleza kwanza. Labda. Labda. Jinga mimi! Akacheka, wala si kwa ubaya. Amesema watapewa keki na zawadi, na mwisho watacheka na wao.

Nikamwuliza: na wale wa Karolina, walipewa keki?

Hapana. Sikumwuliza. Naandika hapa kwa sababu sikumwuliza.

Nimeisoma tena ile sheria kwenye kitabu chake. Kuna kifungu hakukitia kwenye maelezo: mpiga kura akiomba, msimamizi lazima amsomee maandishi. Lazima. Mabwana wale waliiandika kwa raha zao! Walijua hakuna mtu atakayesimama mbele ya macho yale akasema sijui kusoma, nisomee. Aibu ya mtu wameifanya kufuli. Nimemwonyesha. Amesema nafasi haikutosha.

Alhamisi, 8 Mei

Nimo chumba cha fotokopi, mlango nimefunga. Niandike upesi.

Ukumbi ulijaa. Shangazi alitangulia. Alisimama mbele ya masanduku, kadi mkononi, midomo inatamka herufi taratibu. Darasa la kumi na moja wakaanza kucheka, wao wanajua. Baba mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameshainua simu anarekodi. Shangazi akaniangalia. Hakuomba. Ataombaje, mimi mtoto wa kaka yake, mbele za watu?

Nikasoma. Sikungoja kuombwa. Nilianza sanduku la kwanza, kwa Kiswahili: hili la bustani, hili la maktaba. Ustadh Wael alinipungia mkono ninyamaze. Kadiri alivyopunga ndivyo sauti ilivyopanda.

"Hili hapa, shangazi. Hili la chumba chenu."

Neno shangazi wamelisikia wote. Basi.

Akatumbukiza. Sikuhamisha kitu. Wote waliomfuata wakaenda palepale. Bi Kheiria aligonga mfuniko kwa kiganja, kama anayehakikisha kuwa mlango umefungwa. Ustadh Wael alipofungua, masanduku saba matupu, moja limejaa. Hakuwa na la kufanya ila kusema chumba kimepita. Wazazi wakapiga makofi, sidhani kama walijua wanapigia nini. Habari za Karolina alizoeleza baadaye hazikusikika, watu wameshaanza keki.

Pembeni akaniambia nimemharibia. Nikamwambia sheria inataka nisome. Akasema hakuna aliyeomba. Kweli, hakuna aliyeomba.

Nikadhani yamekwisha. Lakini akinamama hawakurudi chini ya ngazi. Wamekuja ofisini na abaya zao za Idi, wamekalia viti vya wageni. Shangazi amesema wanangoja kuambiwa ni chumba kipi.

Ustadha Balqis aliniita ndani. Akaniambia kwa Kiingereza, wasielewe, huku akiwatabasamia kupitia kioo: niwaambie ulikuwa mchezo wa watoto, wachukue keki zao waende. Kisha mimi na yeye tutazungumza. Najua yatakuwa mazungumzo gani.

Nikatoka. Bi Kheiria akauliza mbona uso wangu umekuwa kama wa mtu anayedaiwa. Shangazi akanishika mkono.

"Amesemaje, mwanangu?"

Nikasema, "Anauliza mnakitaka lini."

Uongo wa pili kwao wiki hii. Huu siujutii.

Hawakubishana hata kidogo. Jumapili, amesema shangazi, kabla watoto hawajafika. Na pazia, kaongeza Bi Kheiria.

Nikawaambia napeleka jibu. Badala yake nimekimbilia humu. Mama atasema nini, kodi ya nyumba, na huyo baba mwenye simu keshapeleka wapi video yake...

Naitwa. Nadra, na jina la baba, na la ukoo. Milango miwili inafunguliwa na kufungwa. Shangazi naye namsikia, anamwambia Ustadha kwa Kiarabu asiwe na wasiwasi, mtoto anakuja na jibu.

Nitaingia. Mlango sitaufunga. Na nitasema kwa Kiarabu, waliokaa nje wasikie: Jumapili.