Santuri ya Nyanya yake Mehak

Jumamosi, 1 Februari 2025

Wiki ya tatu ya ndoa. Bado nikiamka namtazama Mutie akiwa amelala, nasema moyoni: huyu ni wangu, mbele ya pasta na mashahidi. Nyumba yetu hapa Ngoingwa, Thika, ina vyumba viwili na jua la kutosha watu kumi.

Leo kanipeleka kwa Mzee Ratilal, wanakosikiliza muziki wa ala kila Jumamosi alasiri. Wako wanne tu. Mzee mwenyewe, aliyekuwa akiuza vitambaa mjini, sasa haoni vizuri. Mwalimu Erastus, mpiga kinanda wa kanisani. Mutie wangu. Na Mehak, anayefundisha piano Ruiru. Ana shingo ndefu. Sikuipenda.

Wana mchezo. Mzee anaweka santuri, anafunika jalada kwa leso, kila mtu anaandika kwenye karatasi ni nani anapiga. Anayekosa anapika chai. Mimi nilisikia selo tu — ile fidla kubwa ya kushikwa kwa magoti. Wao walibishana nusu saa. Erastus alisema bwana huyu anapiga kama anapasua kuni. Mehak akasema afadhali kuni kuliko yule wako, Mwalimu, anayeogopa kumwamsha mtoto. Mutie akacheka hadi akajipiga goti. Goti lake mwenyewe, lakini nilikuwa naangalia.

Jibu la Mutie na la Mehak lilikuwa moja. Mara tatu.

Chai nilipika mimi. Mzee akanitania: "Bibi harusi, umekosa zote, lakini chai umepatia."

Jumatatu, 3 Februari

Mehak kamwazima Mutie santuri. Ni ya nyanya yake, marehemu. Mama mmoja wa zamani anapiga selo. Mutie ameifuta kwa kitambaa laini cha miwani, taratibu, kama uso wa mtoto. Mimi hajanifuta hata jasho — basi, nisiwe mbaya. Jana alibeba maji ghorofa tatu huku akiniimbia. Nampenda mpaka naogopa.

Jumatano, 5 Februari

Mutie yuko zamu ya mchana kiwandani. Nimeisikiliza peke yangu mara nne. Nilitaka kuichukia. Sehemu ya pili nikalia kidogo. Ndiyo ikaniuma zaidi — kumbe hiki ndicho wanachosikia pamoja, mimi nikiwa jikoni.

Ijumaa, 7 Februari

Jana usingizi ulikuwa bado haujanichukua, Mutie akanigusa bega: sikia hapa, Mehak alisema kweli, huyu mama anavuta pumzi kabla ya noti ya juu.

Mehak alisema. Ndani ya nyumba yangu.

Leo nimeiosha ile santuri. Vumbi, nilijiambia. Nikaianika kwenye roshani ikauke. Hapa sina wa kumdanganya: ilikauka kwa dakika tano. Nikaiacha mpaka saa tisa. Jua la Thika mwezi huu halina huruma. Imeinuka upande mmoja kama chapati kwenye kikaango.

Nimeirudisha kwenye jalada. Nimepika muthokoi anaoupenda, mahindi yaliyokobolewa kwa maharagwe. Nimempokea mlangoni kwa busu. Hajaifungua.

Jumamosi, 8 Februari

Mutie aliibeba kwapani njia nzima. Mzee akaipokea na kuiweka kwa kupapasa, akafunika jalada kwa leso.

Selo ikaanza kuyumba. Kama mlevi anayepanda mlima. Nikakaza macho kwenye zulia, nikingoja kupigiwa kelele.

Erastus akafumba macho. "Huyu ni mgeni kwangu. Sikieni anavyotetemesha. Huyu alikuwa amefiwa."

"Wiki hiyohiyo aliyorekodi," Mzee akasema.

Mehak aliandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaona sindano ya gramafoni inavyopanda na kushuka. Mutie alikuwa ameshaiona. Akanitazama. Muda mrefu, na si kwa hasira ninayoijua. Akaandika neno moja, akakunja karatasi.

Mzee akataka majibu. Erastus akakiri hamjui. Mehak akasoma jina la yule mama polepole. "Ni santuri ya nyanya yangu," akasema. "Mutie, imefanya nini?"

"Leo nimekosa mimi," Mutie akajibu. "Chai ni yangu."

Akapita kwangu, akaniwekea karatasi mkononi, akaenda jikoni.

Nimetoka hapa verandani nikisingizia simu. Daftari liko gotini. Karatasi nimeifungua. Hakuandika jina la mpigaji. Ameandika jina langu: Mbinya.

Mara hii yeye na Mehak hawakuandika jibu moja. Nilikuwa nikiliombea hilo.

Ndani muziki umezimwa. Erastus anamwuliza Mzee, kwani ilikuwa imepinda? Sufuria inachemka, nasikia mfuniko.

"Mbinya," Mutie anaita kutoka jikoni, "njoo unionyeshe sukari iko wapi."

Ameingia jikoni humo miaka sita. Anajua iko wapi.