Kliniki Mbele ya Geti la Daktari

Swahiba, uko macho? Nimezunguka dunia mpaka soli zimeisha, lakini alichofanya dada yangu leo sijawahi kukiona.

Unamkumbuka yule daktari wa kisukari aliyemuumbua mbele ya foleni nzima? "Mama, wewe ni mvivu tu. Tembea! Kutembea ni bure!" Bure! Kwenye mtaa wetu wa malori na mtaro wazi, ambako mtu akitoka kununua chumvi anaaga watoto kabisa?

Dada akachukua kadi yake, akamshukuru. Ukimwona anashukuru hivyo, ujue kuna mtu atakoma.

Leo asubuhi kawakusanya wanawake wenzake wa kliniki, wakapanda hadi mtaa anaokaa daktari. Huko njia ya miguu ni pana, baiskeli zina njia yake, na miti imefunika mpaka jua halikugusi. Wakaanza kutembea mbele ya geti lake. Wanaenda, wanarudi, wanacheka kwa sauti, mbwa wanabweka mpaka wanapaliwa.

Daktari katoka na mswaki mdomoni. "Nyie mnataka nini hapa?"

"Dawa, mwanangu. Uliniandikia kutembea. Kwetu hakuna pa kukanyaga."

"Hii ni njia ya wakazi!"

"Hee! Si ulisema ni bure?"

Majirani zake wote madirishani, swahiba! Akaanza kubembeleza, eti waingie ndani wayamalize kwa chai.

"Chai yako kunywa mwenyewe. Twende kwetu sasa hivi, utembee nusu saa kando ya ule mtaro, sisi tukutazame. Ukirudi mzima, niite mvivu."

Kagoma. Basi kesho wanarudi, na wagonjwa wa presha wamesema nao wanakuja.